Umeuziwa "vayoleti", lakini ni vayoleti kweli? Nikilinganisha na strepto, saksoramu, episia na gloksinia

Wacha nianze na hasara yangu ndio muelewe mbona nimekaa chini kuandika haya yote. Mwaka jana mwezi wa nne, mvua ndio imeanza, nilikuwa natoka pande za Mamboleo nikapita kwa mama mmoja anauza maua kando ya barabara, si unajua vile hupanga vikopo chini ya mti na neti nyeusi juu, nikaona kamaua ka zambarau kamekaa juu ya kijiti chembamba kama uzi, majani yana manyoya mafupi kama sikio la ndama. Nikauliza, mama, hii ni nini? Akanijibu bila hata kugeuka, "Hiyo ni vayoleti, kastoma." Nikalipa, nikachukua mbili, moja yangu hapa Kisumu na nyingine ya sista yangu ako Nakuru, juu yeye maua anayapenda kuniliko.

Nikaitunza kama vayoleti. Nilikuwa nishasikia vayoleti haimwagiwi maji kwa juu, unaiweka kwa kisahani inakunywa yenyewe kutoka chini, na haitaki jua kali, basi mimi nikaisukuma kwa kona ya sebule mbali na dirisha, kisahani kimejaa maji asubuhi hadi jioni. Wiki ya tano hivi mabua yakaanza kuonekana kama yamechemshwa. Ukishika shina pale chini linateleza, ngozi inabaki kwa vidole kama ganda la ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nusu ya mmea ikaenda hivyo. Na kule Nakuru sista hakuuliza mtu kitu, aliitundika kwa grili ya dirisha akaisahau, inapata maji siku akikumbuka, ikajaa maua mpaka picha alizokuwa ananitumia nikaona kama ananitusi.

Kwa hivyo swali likawa sio "nimekosea wapi", ni "hii kitu ni nani". Juu utunzaji wa vayoleti ni sawa kabisa kwa vayoleti, ila ukimpatia binamu yake unamuua polepole ukidhani unampenda.

Na binamu ni wengi. Hii familia inaitwa Gesneriaceae, imepewa jina la Conrad Gessner, msomi wa Zurich aliyekufa 1565, na ina spishi zaidi ya 3,000, sema kwa poti za watu wa huku utakutana na tano ama sita tu. Tatizo zote zina ile sura ya familia: majani ya manyoya, maua laini, na muuzaji hana kibao, ana jina moja la kuuzia zote.

Kabla hujaanza kuchagua kati ya hao mabinamu, hakikisha kwanza uko kwa familia yenyewe. Shika ua lililoanza kuchoka ulivute taratibu. Likitoka lote zima kama soksi, petali zimeungana chini zikawa mrija mmoja, endelea kusoma. Petali zikitoka moja moja, na jani limepinda upande mmoja mkubwa kuliko mwingine kama limekatwa vibaya na makasi, hiyo ni begonia, hatuko pamoja. Alafu ile vayoleti ya Ulaya inayoota chini shambani wala haina undugu na hii yetu, ilikopeshwa jina tu kwa sababu ya rangi.

Sasa sikiza, kosa la kwanza watu hufanya ni kuangalia rangi ya ua. Rangi haikwambii kitu. Vayoleti iko ya zambarau, nyeupe, pinki, yenye ukingo wa rangi mbili, strepto (kifupi cha Streptocarpus) pia hivyo hivyo, gloksinia pia. Anza na shina. Inua majani, ingiza kidole katikati, uliza: majani haya yanatoka wapi?

Vayoleti ya ukweli haina shina la kuonekana. Majani yote yanatoka kitovu kimoja yanazunguka kama sahani, makubwa nje, madogo ndani, na kila jani liko kwa kikonyo kinene chenye maji ambacho ukikikunja kinakatika kap! kama mishiri mbichi. Maua yanatokea huko chini kwa makwapa ya majani yanajisukuma juu. Kuna kitu kimoja kinachanganya watu: vayoleti ikizeeka, majani ya chini yakitolewa tolewa, inabaki na shingo kama mpapai, makovu ya majani ya zamani yakionekana. Hiyo bado ni vayoleti. Ni shingo moja, haijatoa matawi, na dawa yake ni kuipandikiza ukizamisha shingo yote kwa udongo.

Saksoramu, jina lake la darasani Streptocarpus saxorum, ndiyo ilinipiga mimi. Hii ina shina, na shina lina matawi, na matawi yanalala yananing'inia nje ya poti. Majani ni madogo na manene, kubwa yao ni kama sarafu ya shilingi 20, yanakaa mawili ama matatu matatu mahali pamoja kwa shina, ukingo umekunjwa kidogo kwenda chini. Ukilifinya jani unasikia ni la kushiba, karibu kama yale ya mimea ya jangwani. Hapo tu ningekuwa na akili ningejua, mmea wenye jani la kushiba umeshajibebea maji yake, hauhitaji kukaa kwa kisahani kama bata. Hata hilo neno saxorum ni Kilatini, maana yake ni "wa kwenye mawe". Unaota juu ya mawe, Kenya hii hii na Tanzania. Mimi nilikuwa nimeuzamisha.

Strepto ile ya kawaida, yaani zile chotara za maua makubwa zilizotokana na spishi za Afrika Kusini, haifanani na hizo mbili ukiiangalia kwa makini. Majani marefu, yamekunjamana, makavu kidogo ukipapasa, kama ulimi wa ng'ombe, yanatoka chini bila kikonyo cha maana. Na hapa kuna maajabu ambayo mimi hupenda kuwaambia watu: jani la strepto linaendelea kukua kutoka chini, kwa kitako, wakati ncha inazeeka huko mbele. Kwa hivyo ukiona ncha inakauka kahawia usikimbie kuweka dawa, kata tu hiyo ncha na makasi, jani linaendelea na maisha. Kuna spishi zake zingine zinaishi na jani moja tu maisha yote, jani moja, kisha zinatoa maua na kufa. Na lile ua lake linatokea pale pale kwa kitako cha jani, kwa msingi wa ule mshipa wa katikati. Vayoleti haiwezi kukufanyia hivyo.

Episia utaijua hata gizani. Inatoa kamba kama za stroberi, zinatambaa zikitafuta udongo, na mwisho wa kila kamba kuna katoto. Majani yake ndiyo watu hununulia, yana rangi ya shaba, ama ya fedha kwa mishipa, yamevimba vimba kama godoro. Maua mara nyingi ni mekundu ya kuelekea machungwa, rangi ambayo kwa vayoleti hutaipata, kwa hivyo nikiona mtu anasema "vayoleti yangu ni nyekundu kama makaa na inatambaa" huwa sihitaji hata picha.

Gloksinia nayo ni kubwa. Jani kama kiganja cha mwanaume, na ukichimbua kidogo chini ya shina unapata kiazi, bapa kidogo, kahawia. Kumbuka hicho kiazi, nitarudi kwake juu kina kesi na mathe wangu.

Akimenesi sitakaa nayo sana: mashina membamba, ua bapa lenye mrija mrefu nyuma, na chini kuna vijikitu vya magamba kama vikoni vidogo vya msonobari. Nimewahi kuiona mara moja tu, kwa mtu aliyeletewa.

Ukimaliza shina, chungulia koo la ua. Hapa usiwe na aibu, chukua simu, washa kamera, vuta karibu. Vayoleti ni bapa, haina koo la kusema, na pale katikati kuna vinjano viwili vinene kama punje mbili za mahindi zimekaa wazi kabisa kila mtu azione. Hizo ndizo alama zake. Strepto ni tarumbeta: mrija mrefu, na ndani kuna mistari inayoshuka kama mistari ya barabara ikimwonyesha mdudu njia, vile vijiti vya chavua ni viwili pia lakini vimejificha huko ndani. Saksoramu ni tarumbeta nyembamba sana, ya kizambarau cha kupauka, koo jeupe, mdomo wa chini mkubwa na wa juu mdogo, ukiiangalia kwa mbali ni kama kipepeo ametua kwa waya. Gloksinia ni kengele, dole gumba linaingia bila shida. Ukikutana na vayoleti za dabo, zile zenye petali nyingi zimejaa kama waridi, vile vinjano vinaweza kufichika usivione, hapo rudi kwa majani, usibishane na ua.

Mimi yangu sikuitambua kwa ua wala kwa shina, nakiri. Niliitambua kwa ganda la mbegu. Ilikuwa ile ya Nakuru, sista alikuwa amening'iniza nje kidogo na wadudu wakapita, na wakati wa likizo ya Agosti nilimtembelea nikakuta maua yameanguka yakaacha vitu virefu vyembamba, karibu urefu wa kidole kidogo, kijani. Nikachukua kimoja nikakigeuza kwa mwanga wa dirisha. Kilikuwa kimejisokota. Sio kupinda, kusokotwa, mizunguko na mizunguko kama kamba ya katani ama vile dada anasokota nywele za lines kabla hajafunga mwisho. Kilichokauka tayari kilikuwa kimeanza kujisokotoa na mbegu ndani ni kama vumbi la ugoro, ukipumua zimeenda. Hiyo ndiyo maana yenyewe ya jina Streptocarpus, tunda lililosokotwa. Vayoleti ganda lake halisokotwi hivyo, ni kifuko kifupi tu cha kawaida. Nikaketi pale kwa kiti cha sista na kile kitu mkononi nikajua nimeishi na saksoramu miezi minne nikiiita jina la mtu mwingine.

Na sasa ngoja uone vile dunia ni ya kuchekesha. Vayoleti ilijulikana Ulaya baada ya Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya pale Tanga, kuiona kwa milima ya huko Usambara na kupeleka kwao Ujerumani mwaka 1892, na 1893 Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen huko Hannover akaiita Saintpaulia kwa heshima ya familia ya huyo Saint Paul. Zaidi ya miaka 120 ikakaa na jina lake. Alafu 2015 wataalamu, baada ya kupima ukoo wake kwa DNA, wakaiingiza ndani ya Streptocarpus, tena kwa upande ule ule wa akina saksoramu. Kumaanisha mama wa Mamboleo aliniuzia Streptocarpus akisema ni vayoleti, na vayoleti yenyewe ni Streptocarpus. Nilipita kwake siku moja nikamweleza yote haya. Akanisikiza, akamwagilia vikopo viwili, akasema, "Si nilikwambia."

Haya. Lakini undugu wa kwenye karatasi haumaanishi zinakula sahani moja, na hapa ndipo unapochagua vile utaitunza, ama kama hujanunua bado, ni gani ubebe kulingana na mahali unaishi. Juu Kisumu na Nakuru sio mji mmoja. Kisumu iko kama mita 1,130 hivi juu ya bahari, mchana unapanda hadi nyuzi 30 bila kuomba ruhusa. Nakuru iko mita 1,850 hivi, na usiku wa Julai ni baridi ya kukufanya utafute leso ya pili.

Kwa mtu wa Kisumu ningesema episia, bila kusita. Inapenda joto, inapenda hewa yenye unyevu, nyumba zilizo karibu na ziwa huko Dunga ama Nyalenda inakaa kama iko kwao, ambako ni misitu ya joto ya Amerika ya Kati na Kusini. Nairobi watu huihangaikia na vyupa vya kupulizia, huku wewe unaifungulia tu dirisha. Ipeleke Nakuru na ikipata usiku wa chini ya nyuzi 15 mfululizo majani yanaanza kuwa meusi meusi na kulegea, na mwenye nayo anadhani ni kiu anaongeza maji, ndio mwisho wake. Sista nilimpelekea moja kwa kiburi tu. Haikumaliza mwezi wa saba.

Strepto za maua makubwa ni kinyume. Ukizipeleka Nakuru, Kericho, Eldoret, zinashukuru, maua mfululizo karibu mwaka mzima. Kisumu joto likipita nyuzi 27 hivi zinalegea hata udongo ukiwa na maji, majani yanaanguka kama ya mchicha ulioachwa sokoni, na hapo ndipo mtu huzimaliza: anaona zimelegea, anamwaga maji, mizizi inaoza. Ikilegea na udongo ni mbichi, usiguse kopo la maji, isogeze mahali pa baridi, kwa sakafu hata, jioni utaikuta imeamka.

Vayoleti yenyewe iko katikati, inataka kati ya nyuzi 18 na 24 hivi, kile ambacho binadamu pia anataka. Kwao ni kwa mawe yenye ukungu wa kijani chini ya miti, huko Usambara na sehemu kadhaa za Kenya pia, msitu wa Mbololo kule Taita na mawe ya chokaa pande za Kilifi. Za porini zimebaki chache, tafadhali usiende ukang'oa, za madukani ni chotara na zinazaana zenyewe hadi utagawa. Kisumu zitaishi vizuri ukizipa dirisha la asubuhi. Nakuru zitaishi ukizitoa karibu na kioo usiku. Kwa vile mtu huniuliza kuhusu paka: vayoleti haina sumu kwa paka wala mbwa, atakachoharibu ni poti.

Saksoramu nimeona inavumilia kote kuwili, mradi iwe na mwanga mwingi kuliko vayoleti na udongo ukauke juu kabla ya maji mengine. Itundike. Ukiiweka mezani majani yanarundikana, hewa haipiti.

Alafu kuhusu dirisha. Maelezo mengi unayoyasoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi wanakwambia weka dirisha la kaskazini ama la kusini. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, jua mara liko upande huu mara upande ule kulingana na mwezi, kwa hivyo hayo maneno ya kaskazini yasahau. Kwetu ni mashariki na magharibi. Mashariki ni rafiki, jua la saa moja hadi saa tatu asubuhi halidhuru mtu. Magharibi ya Kisumu saa tisa mchana ni jiko, utakuta majani yamepauka yana mabaka kama yamepigwa pasi. Kama nyumba yako ina madirisha ya magharibi tu, weka pazia jepesi na usogeze poti mita moja ndani.

Maji nayo yana hadithi yake. Yale madoa ya duara ya kupauka juu ya jani la vayoleti ambayo kila mtu huita ugonjwa, mara nyingi ni maji. Sio maji kugusa jani, ni tofauti ya joto: jani lina joto la mchana na wewe unamwagia maji ya mtungi. Na kuna upande mwingine wa shilingi, tangi jeusi la juu ya paa, hilo saa nane mchana linatoa maji ya kutengenezea chai, nimewahi kumwagilia mizizi nayo bila kufikiria, nikaona vituko. Chota asubuhi kwa ndoo, yakae ndani ya nyumba hadi yapoe yawe sawa na hewa, ndio utumie. Watu wa Nakuru wenye borehole, angalieni ukingo wa poti: ile chumvi nyeupe inayojijenga pale, kikonyo cha vayoleti kikiilalia kinaungua na jani linaanguka likiwa bado zima. Futa ukingo, ama kusanya maji ya mvua, mvua kwani ni ya nani?

Udongo wa muuzaji badilisha. Yangu ilikuja kwa ule udongo mweusi wa Kano, ukikauka unapasuka, ukilowa ni kama gundi, na mizizi ya hii familia yote ni midogo kama nywele, inataka kupumua. Mimi huchanganya mboji iliyooza vizuri na makapi ya mpunga ya Ahero yaliyochomwa yakawa meusi, nusu kwa nusu, na vipande vya makaa vidogo. Sista hutumia pumisi, yale mawe mepesi yenye vitundu, Nakuru na Gilgil ni rahisi kuipata, na nakubali mchanganyiko wake ni bora kuliko wangu.

Turudi kwa gloksinia na mathe. Hii kitu asili yake ni Brazili, jina lake rasmi siku hizi ni Sinningia, na ina tabia ya kulala. Inatoa maua makubwa ya kifahari, mtu anapigwa na butwaa, alafu inachoka, majani yanakuwa manjano, yanaanguka, inabaki poti ya udongo mtupu. Haijafa. Kile kiazi kimelala, unapunguza maji karibu yote, unaiweka kando wiki kadhaa, siku moja inatoa pua ya kijani inaamka. Yangu niliiacha kwa mathe huko kijijini nikiwa safari, nikarudi nikakuta poti imepandwa dania. Nikamuuliza, mama, kile kiazi kilikuwa humu? Akasema, "Kile kilichooza? Nilitupia kuku." Sasa ukiwa na mmea usiojulikana jina na umekauka wote, kabla hujatupa chimba kwanza. Ukikuta kiazi kigumu, ni gloksinia. Ukikuta vile vikoni vidogo vya magamba, ni akimenesi. Ukikuta mizizi iliyooza tu na harufu, hiyo ilikuwa vayoleti ama strepto na pole sana.

Kama bado hujui, kuna kipimo cha mwisho, cha kupanda. Vayoleti: kata jani na kikonyo cha sentimita 3 hivi, kwa mshazari, ichomeke kwa mchanganyiko mwepesi, baada ya miezi miwili mitatu vitoto vinachomoza pale chini. Strepto unaweza kulipasua jani kwa urefu, ukatoa ule mshipa wa katikati, ukapanda zile nusu mbili zikisimama kwa ubavu, na vitoto vinatoka kwa mstari mzima kama mche wa sukuma kwa kitalu, mara ya kwanza niliona nikaita watu. Saksoramu unakata ncha ya tawi tu, wiki mbili tatu ina mizizi. Episia inajipanda yenyewe wewe ukiangalia.

Ndivyo nilivyookoa yangu, kwa ncha tatu zilizokuwa bado ngumu. Mbili zilishika. Saa hii ziko kwa kopo la plastiki la kasuku nililotoboa chini, limetundikwa kwa dirisha la mashariki, na kisahani nilikipeleka jikoni kinawekewa chumvi. Vayoleti ya ukweli nayo nilipata baadaye kwa sista, majani manne aliyofunga kwa tishu yenye unyevu ndani ya kopo la siagi akapatia dereva wa matatu ya jioni. Moja lilifika limevunjika kikonyo, nikalipanda tu hivyo hivyo, na ndilo lililotoa watoto kwanza.